Uzi: Kadi za kukusanya na michezo ya ubao Mombasa – tununue kwa pamoja, au kila mtu na pakiti zake?

Kete64 – Kibokoni (mwenye uzi)

Assalam aleikum na habari zenu nyote. Swali la "nianze na mchezo gani?" linarudi kila mara, na majibu yanapotea katikati ya salamu na mizaha. Nimeonelea tulijadili hapa kwa kituo. Msimamo wangu nautanguliza, ili anayetaka kuupinga ajue pa kuanzia: katika mji kama wetu, kadi za kukusanya zinunuliwe kwa pamoja. Seti moja, ikae kwa mtu mmoja mwaminifu, ichezwe na kila anayefika. Hii tabia ya kila mmoja kufungua pakiti zake akiwinda kadi adimu ndiyo inayovunja vikundi.

Sikatai kwamba michezo hii ni mitamu. Magic: The Gathering, iliyobuniwa na Richard Garfield ikatoka mwaka 1993, ni kazi ya akili kubwa. Kila mchezaji ana uhai 20, deki (fungu lake la kuchezea) isiyopungua kadi 60, na kadi moja haizidi nakala nne, isipokuwa zile ardhi za msingi, kadi zinazotoa nguvu ya kuchezea kadi nyingine. Kanuni ni sawa kwa wote, ila mifuko haiko sawa. Mwenye uwezo ananunua nakala zake nne za kadi kali, asiyenao anajazia kwa kadi za kawaida, na matokeo yanajulikana kabla ya kuchanga karata. Baada ya muda anayeshindwa haji tena. Huwezi kumlaumu.

Kwingineko kuna duka mtaani lenye mashindano kila wiki, mtu anauza hiki na kubadilisha kile. Hapa mzigo unangoja msafiri au unapitia posta, kisha ushuru, kisha VAT ya asilimia 16. Ukishalipa vyote hivyo, kufungua pakiti ukakuta kadi ambazo tayari unazo ni hasara ya wazi.

Njia ninayoipendekeza wenyewe wanaiita kyubu. Unachagua kadi, moja moja bila kurudia, unazichanganya, unatengeneza pakiti za kadi 15. Kila mchezaji anapata pakiti tatu. Unachukua kadi moja, unampa jirani zilizobaki, naye anakupa zake, mpaka zimalizike. Kisha unajenga deki ya kadi 40 kutokana na ulichokiokota. Wachezaji wanane wanahitaji kadi 360, basi. Ukiijaza kadi za kawaida tupu, zile za bei ya chini kabisa, bado mchezo una kina cha kutosha miaka. Mwisho wa jioni kadi zote zinarudi bokseni, na kijana aliyekuja na nauli peke yake amecheza sawa na mwenye gari.

Na msidhani watu wetu watashindwa kuelewa. Anayejua poka ya mitaani tayari anajua kwamba kadi yaweza kubeba amri: mbili na tatu zinalisha mwenzako, gulamu anarusha zamu, ree inazuia, na ole wako usahau kusema "niko kadi". Magic ni hilo hilo, ila amri imeandikwa kwenye kila kadi.

Nawasikiliza.

ReeYaKopa – Nyali

Kakangu Kete, hoja yako kuhusu mashindano ya mifuko naikubali, lakini umeisahau nusu nzima ya jambo. Jina lenyewe ni kadi za *kukusanya*. Mimi nimeanza na Yu-Gi-Oh! nikiwa shule, na kilichonishika ni ile sekunde ya kurarua pakiti, kisha siku nzima ya kubadilishana darasani. Kubadilishana ni mchezo ndani ya mchezo: unajifunza thamani, unajifunza kukataa kwa adabu, unajifunza kumsoma mwenzako anapojifanya hahitaji kadi anayoihitaji sana. Kyubu ya pamoja inaliondoa hilo lote. Hakuna aliye na chake.

Tena kuna mapenzi ya michoro. Kazuki Takahashi alianza hadithi ya katuni ya Yu-Gi-Oh! mwaka 1996, kampuni ya Konami ikatoa kadi zake 1999, na mpaka leo nikiliona lile joka jeupe lenye macho ya buluu moyo unaruka. Hiyo si kadi ya kumwachia mtu boksi.

Kuhusu gharama, kwa Yu-Gi-Oh! ipo njia ya kati ambayo wengi hawaijui. Badala ya pakiti za kubahatisha, nunua deki iliyopangwa tayari kiwandani, ile ambayo kila kadi iliyomo imeorodheshwa. Nunua tatu zinazofanana. Kanuni inaruhusu nakala tatu za kadi moja, kwa hivyo ukichambua zile boksi tatu unabaki na deki moja iliyonyooka ya kadi 40, na ziada za kubadilishana. Pesa unazijua mapema, na deki ni yako.

FundiWaBao – Majengo

Wanangu, nimesoma kwa makini na ninafurahi kuona vijana mnapenda michezo ya kufikiri. Lakini mnazungumza kama kwamba meza zetu zilikuwa tupu mpaka meli ilipokuja na kadi. Bao lipo. Mashimo 32, kete 64, na mtu anaweza kulicheza maisha yake yote asilimalize.

Nieleze kidogo kwa wasiolijua, maana wengi wamecheza ule mchezo wa vishimo wa simu wakadhani ndio bao. Katika ule, kete ukizila unaziweka kando, ubao unapungua, mchezo unaisha wenyewe. Katika bao la Kiswahili kete haitoki ubaoni hata moja. Ulichomla mwenzako unakisambaza upande wako, kwa hivyo aliyekuwa anakufa anaweza kukugeuzia meza kwa zamu moja. Mnaanza na kete sita katika nyumba, lile shimo maalumu la safu ya mbele, mbili mbili katika mashimo mawili ya kuliani kwake, na 22 mkononi. Hapo mnanamua: kete moja moja kutoka mkononi inaingia safu ya mbele. Ikiangukia shimo lako lenye kete, na la mkabala nalo lina kete, unakula, na ulizokula unazianzishia kichwani, yaani shimo la mwisho la safu ya mbele, kushoto au kulia. Kete za mkononi zikimalizika ndipo mtaji unaanza, na huo ni mchezo mwingine kabisa. Aliyejilimbikizia kete akidhani ana mali anagundua safu yake ya mbele imekonda, na safu ya mbele ikiwa tupu umefungwa, hata kama nyuma umejaa tele.

Uamuzi ninaoupenda kuliko wote ni wa nyumba. Kete yako ya mwisho ikiangukia ndani ya nyumba, ilale au isafiri? Ukiilaza, umebaki na hazina ambayo mwenzako anaitolea macho. Ukiisafirisha, umepata nguvu ya zamu moja na hutaipata tena. Mabingwa wanaliona hili zamu nyingi mbele. Mholanzi mmoja, Alexander de Voogt, alifika Zanzibar miaka ya 1990 kuwatafiti mabingwa wa bao, namna wanavyohesabu mizunguko yote ile kichwani bila kugusa kete. Mwalimu Nyerere naye alikuwa mpenzi wa bao.

Hakuna dadu, hakuna kadi iliyofichwa. Ukishindwa, umeshindwa na mtu aliye mbele yako. Kadi zenu mtu anaweza kucheza vizuri akashindwa kwa sababu hakuipata ardhi. Mimi hilo halinipendezi, na nalisema kwa heshima.

LikoniKwaFeri

Ami Fundi, shikamoo. Bao tunaliheshimu, ila bahati nayo ina kazi yake mezani. Mgeni akikaa na wewe kwenye bao hatashinda hata mara moja mpaka nywele zimpande mvi. Kwenye Catan, mchezo wa ubao ambao namba ya dadu ndiyo inayoamua nani anapata mali, anaweza kushinda siku ya kwanza, akarudi wiki ijayo. Bahati ndiyo inayomleta mara ya pili.

Na bahati yenyewe ina hesabu. Dadu mbili zina njia 36 za kuanguka. Saba ina njia sita, sita na nane zina njia tano kila moja, mbili na kumi na mbili zina njia moja tu. Anayejenga kwenye kumi na mbili asimlilie Mungu. Klaus Teuber alipoitoa Catan mwaka 1995 alituwekea mambo ambayo mtu wa pwani anayaelewa bila kufundishwa: una kondoo wengi, huna matofali, basi zungumza na watu. Nimeona wachezaji wakibembelezana kwa ajili ya tofali moja kwa ufasaha ambao Marikiti hutausikia.

Kete64, kuna dawa nyepesi kuliko kyubu. Dominion, mchezo wa mwaka 2008 wa Donald X. Vaccarino. Kila mtu anaanza na kadi 10 zile zile, saba za shaba na tatu za shamba dogo, kisha deki anaijenga mezani kwa kununua kutoka mafungu ya katikati. Raha ya kupanga deki ipo yote, na boksi ni moja. Kwa watu wawili Star Realms ina kadi 128 tu, inaingia mfukoni, unaicheza kwenye foleni ya feri ukibahatika kupata pa kukaa.

MamaWaTudor

Nakuja na upande wa mzazi. Wanangu wawili wameshikwa na Pokémon, na vibandani kunauzwa kadi za dhahabu zinazong'aa, pakiti nzima kwa bei ya soda. Ni bandia zote. Mtoto anafurahi wiki moja, kisha anakutana na mwenzake mwenye kadi halisi, anachekwa. Nimejifunza kuzitambua na ningependa wazazi wengine wajue.

Soma maandishi kwanza. Bandia zina makosa ya herufi, alama ya é kwenye jina la Pokémon mara nyingi haipo, na namba za nguvu zinapita kiasi hata mtoto anashangaa. Tazama mgongo: buluu ya halisi imekolea sawasawa, ya bandia imepauka au imeegemea zambarau. Ishike dhidi ya taa, kadi halisi ina karatasi nzito katikati inayozuia mwanga, bandia nyingi zinapitisha. Na ile ya dhahabu tupu, ngumu kama bati, usisumbuke hata kuikagua.

Kingine: wengi wanakusanya wala hawachezi. Pokémon ni mchezo kamili. Kadi 60, zawadi sita unaziweka kifudifudi, kila ukimwangusha kiumbe wa mwenzako unaokota zawadi, wa kwanza kuzimaliza ameshinda. Mwanangu mdogo wa miaka saba anajumlisha na kutoa mamia kichwani kwa sababu ya mchezo huu, na anasoma sentensi ndefu za Kiingereza asizozigusa kitabuni. Kwa watoto, boksi moja la deki mbili zilizo tayari linatosha ndugu wawili. Hapo namuunga mkono Kete64 moja kwa moja.

HerufiTisa – Kizingo

Bi mkubwa amegusa lugha, nami ndipo nilipokuwa nangoja. Michezo mingi tunayoisifu inamfungia nje mtu asiyesoma Kiingereza. Bibi yangu ana akili ya drafti inayotisha, anakushika na kingi yake kutoka pembe hadi pembe, lakini nikimpa kadi ya Magic nimemtukana. Kwa hiyo kipimo changu cha kwanza ni hiki: vifaa vya mchezo vina maneno? Azul haina neno, ni vigae vya rangi tu, vilivyoigwa kutoka kuta za Wareno. Carcassonne haina. Vigae 72, unachora mji na barabara, mtu yeyote anaingia. Kigae kinachoshika kigae ni kama dhumna, na dhumna hakuna baraza isiyoijua.

Sasa Scrabble. Kuna watu wanacheza Kiswahili kwa seti ya Kiingereza na wanajitesa. Hesabuni vigae vyake 100: K ni moja tu, tena ina pointi tano. M mbili, W mbili, U nne, Z moja. E ziko 12! Katika lugha yenye ku-, ki- na ka- kila mahali, utacheza vipi na K moja? Na Q na X zinakaa mkononi kama deni.

Mimi nimetengeneza seti yangu. Nilichukua kurasa za magazeti ya Kiswahili, nikahesabu herufi, A ikaongoza kwa mbali kama mtakavyotarajia, I na U na N zikafuata karibu. Nikanunua vigae tupu vya mbao kwa seremala, nikaandika upya. Q na X zimetoka, K zimeongezeka na pointi zake zimeshuka. Mchezo umebadilika kabisa: kwa sababu ya viambishi, mtu anaweka *penda*, wa pili anaongeza *ana* mwanzoni, wa tatu anatanguliza W, wa nne anaongeza *na* mwishoni, ikawa *wanapendana*. Neno linakua pande zote mbili. Anayetaka hesabu zangu aniambie, ni bure.

Kete64 – Kibokoni

HerufiTisa, hesabu hizo ziweke hapa hapa uzini, tafadhali. Hiyo ni kazi ya faida kwa watu wengi.

Nijibu kwa mfululizo. ReeYaKopa, sikunyang'anyi joka lako. Kadi unayoipenda iweke nyumbani, itazame kila siku. Ninachosema ni kuhusu meza: ya kucheza iwe ya wote. Hata kubadilishana hakujafa katika kyubu. Kumwachia jirani kadi ile na kushika hii, ukimsoma anataka rangi gani, ni mazungumzo yale yale, ila ya kimya.

Lakini kuna jambo ambalo hakuna aliyelitaja na ndilo linalotuhusu sisi kuliko mtu wa bara: hewa yetu. Kadi zinazong'aa zina tabaka la plastiki upande mmoja na karatasi upande wa pili. Karatasi inanyonya unyevu na kutanuka, plastiki haitanuki, kadi inajikunja. Mvua za masika zikianza, kadi iliyolala mezani bila kifuniko inapinda. Mchezaji anaitambua akiwa amefumba macho, na hapo uadilifu wa mchezo umekwisha. Ukijenga kyubu, epuka za kung'aa kabisa, hata kama zimekuja bure. Kila kadi ivae kifuko chake cha plastiki. Boksi liwe la kufunga kwa mpira, na ndani weka vile vipakiti vidogo vya punje vinavyokuja na viatu vipya. Usiweke kwenye kabati linaloshikana na ukuta wa nje, hasa hizi nyumba zetu za matumbawe zinazotoa maji ukutani.

Na upepo. Tunapenda kucheza nje, barazani au bustani ya ufukweni ya Mama Ngina, na ndiyo raha ya mji huu. Kusi ikivuma, kadi zinaruka mpaka ziingie baharini. Ndiyo maana ninachagua mchezo kwa kufuata mahali: nje ni bao, dhumna, drafti ya vifuniko vya soda, Azul kwa sababu vigae vyake ni vizito. Kadi ni za ndani, au za ua uliozungukwa na kuta. Keram nayo ni ya ndani, kwa sababu ya ile poda: ubao ukipata unyevu, kete 19 zile zinakwenda kama zimefungwa mawe, na malkia hutamfikisha shimoni.

LikoniKwaFeri, Dominion naikubali. Kikundi kinachoanza leo kianze nayo, kyubu ifuate.

FundiWaBao – Majengo

Hilo la upepo ni neno la mtu aliyecheza. Nami niongeze kwa HerufiTisa: kwa seremala huyo huyo agiza bao. Mbao ngumu, mashimo yachongwe kwa kina ili vidole vizoe kete bila kukwama, na nyumba iwe ya mraba ili mgeni aitambue. Kete ni mbegu za mkomwe. Za plastiki zinateleza na hazina uzito wa kusikilizwa. Mchezaji mzuri anasikia kete ngapi zimeingia shimoni.

ReeYaKopa – Nyali

Sawa Kete, kadi za kawaida ninazo za kutosha, zimelala tu. Nyingi ni za Yu-Gi-Oh!, lakini kuna boksi la Magic aliloniachia binamu yangu alipohama. Nitalitoa kwa ajili ya kyubu, kwa sharti kwamba lisiuzwe hata kadi moja, na asiyetunza vifuko asiguse. Tukiwa sita, tunahitaji ngapi?

Kete64 – Kibokoni

Mungu akujaze kheri. Watu sita, kadi 45 kila mmoja, ni 270. Rangi tano za kadi za Magic zigawanywe sawa, 45 kila rangi, zile 45 zilizobaki ziwe za rangi mbilimbili na zisizo na rangi. Ardhi za msingi hazihesabiwi humo. Deki ya kadi 40 inakula ardhi kama 17, kwa hivyo weka kando 30 za kila aina na hatutapungukiwa. Kwanza chambua viumbe: kila rangi iwe nao wa kutosha wanaohitaji ardhi chache kuwacheza, la sivyo zamu tatu za mwanzo watu watakuwa wanatazamana. Vifuko tuchange kwa M-Pesa, vya aina moja na rangi moja ya mgongo, vinunuliwe siku moja.

MamaWaTudor

Ukumbi wa nyumbani kwangu uko wazi Jumamosi baada ya alasiri. Kuna viazi karai, lakini mikono ioshwe kabla ya kugusa kadi. Ami Fundi, njoo na bao, watoto wanataka kuliona.

FundiWaBao – Majengo

Nitakuja nalo, inshallah. Watoto nitawaanzishia bao la kujifunza, kete mbili mbili kila shimo, hakuna kunamua. Wafike kabla yenu, maana nyinyi mkishaanza kugawa pakiti hamtanyamaza.